Jibu la mtaalamu: Nina visu zaidi ya ishirini, mbona bado sijapata kimoja cha kutembea nacho?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Niko Tanga, nina duka la vipuri vya pikipiki. Kwa miaka kama sita natafuta kisu kimoja cha kukunja cha kutembea nacho kila siku: kufungulia maboksi dukani, kukata kamba za manila, kumenya machungwa, na Jumapili nikienda kuvua kwa mshipi nikitumie huko huko. Nilianza na Victorinox aliyonipa mjomba, nikahamia Opinel, kisha visu vya Kichina vya kuagiza, na sasa ninavyo zaidi ya ishirini. Kila kipya nakipenda mwezi wa kwanza, halafu naanza kukiona kasoro: mpini mnene, loki ngumu, klipu inachana suruali. Kikipoteza makali nakirudisha kwenye boksi lake. Sijawahi kunoa hata kimoja kwa kuogopa kukiharibu. Sasa nafikiria kujifunga mkanda ninunue chenye chuma cha MagnaCut ili nimalize kabisa, ila bei yake inakaribia faida yangu ya mwezi, na mke wangu ameanza kuuliza kuhusu vifurushi. Je, kisu kilichokamilika kipo? Chuma gani kitanitosha? Na loki ipi ni salama?"

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kuhusu chuma na loki, na nitakujibu yote mawili. Lakini sentensi iliyonishika ni ile uliyoipitia haraka, kwamba hujawahi kunoa hata kimoja. Jibu la swali lako kubwa limo humo.

Unachokipenda mwezi wa kwanza ni makali ya kiwandani. Ukifungua maboksi kila siku, makali hayo yanakwisha ndani ya wiki chache, na yanakwisha polepole mno hata hujui yameondoka lini. Unachokuja kukiona ni mpini mnene, loki ngumu, klipu. Kasoro hizo zilikuwepo tangu siku ulipofungua kifurushi, ila kisu kikikata vizuri mtu anazisamehe. Kikishaanza kuchana badala ya kukata, kinarudi kwenye boksi, kinaagizwa kingine, na fungate inaanza upya. Kwa hiyo mimi ninavyohesabu, hujatafuta kisu kwa miaka sita. Umenunua makali mapya mara ishirini na zaidi, na kila mara umeyalipia pamoja na mpini, loki, boksi na usafiri.

Nianze na yanayotokea pale kwenye makali, kwa sababu ukishayaelewa, maswali mengine yanakuwa mepesi.

Makali ni mahali ambapo pande mbili za ubapa zinakutana. Yakiwa mazuri, upana wake pale kileleni ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita, au chini ya hapo. Chuma chembamba kiasi hicho hakihimili mengi. Ukikigusisha kwenye pini ya boksi, kinapinda au kinamegeka. Boksi lenyewe nalo ni adui kuliko linavyoonekana: karatasi ngumu, hasa ile iliyotengenezwa kwa karatasi zilizotumika, ina chembechembe za madini na mchanga ndani yake, kwa hiyo kila ukatapo unakuwa kama unayapitisha makali kwenye msasa laini. Kamba ya manila iliyoburutwa chini sakafuni inafanya vivyo hivyo.

Halafu kuna Tanga yenyewe. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na kutu huanza pale chuma kilipo chembamba zaidi. Wewe utaona ubapa unang'aa, kumbe kileleni pameshaliwa. Asidi ya chungwa inaongezea yake. Hivyo kisu kilichomenya chungwa asubuhi kikafungwa bila kufutwa, jioni kimepungua makali bila kukata kitu kingine chochote. Hata vile vilivyolala kwenye maboksi yao usidhani vimekaa salama. Povu na karatasi za ndani hufyonza unyevu na kuukumbatia. Vitoe leo uvikague, hasa kama unacho cha chuma kisicho cha pua, yaani kinachoshika kutu kirahisi.

Sasa chuma. Kuna imani, na wauzaji wanaipalilia vizuri, kwamba vyuma vya visu vimepangwa kama ngazi: cha chini kibaya, cha juu kizuri, na bei inakuonyesha uko kidato cha ngapi. Ukweli ni kwamba kila chuma ni mapatano kati ya mambo manne yanayovutana: kudumu na makali, kutomegeka, kutoshika kutu, na urahisi wa kunoleka. Hakuna kinachoongoza kwa yote manne.

Chuma cha kisu ni chuma kilichochanganywa na kaboni, na vingi vya kisasa huongezwa kromiamu ili kisishike kutu. Hakiwi kisu mpaka kipashwe moto hadi kiwe chekundu au zaidi, kisha kipozwe ghafla, kwenye mafuta, hewani au kati ya mabamba baridi. Kupoa huko kwa ghafla kunaifungia kaboni ndani ya mpangilio wa chuma, na chuma kinakuwa kigumu sana, lakini kinavunjika kama kioo. Ndiyo maana hupashwa tena kwa moto mdogo, mara nyingi chini kidogo ya nyuzi 200, ili kupunguziwa huko kuvunjika. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C. Victorinox wako yuko kwenye 55 au 56. Visu vya bei unavyovitamani viko 60 hadi 63. Viwanda viwili vikitumia chuma cha jina moja na kimoja kikakosea moto, unapata visu viwili tofauti kabisa vyenye maandishi yale yale ubavuni. Jina la chuma lililochongwa kwenye ubapa halikwambii moto ulikuwaje.

Ndani ya chuma hicho kuna pia chembe ngumu zinazoitwa kabaidi: kaboni iliyoungana na kromiamu, vanadiamu au madini mengine. Chembe hizi ndizo zinazostahimili msuguano wa boksi na kamba. Zikiwa nyingi, makali yanadumu. Lakini zikiwa nyingi na kubwa, chuma kinamegeka kirahisi, na jiwe la kunolea linapata kazi.

MagnaCut ni chuma kizuri, sikufichi. Kilitoka mwaka 2021, kikiwa kimebuniwa na mtaalamu wa metali wa Marekani, Larrin Thomas, na ujanja wake unaeleweka. Kwa kawaida sehemu ya kromiamu huliwa na kabaidi, na kromiamu iliyoliwa haizuii kutu tena. Katika MagnaCut mchanganyiko umepangwa ili kabaidi ziwe za vanadiamu na niobiamu, na kromiamu, ambayo ni kama asilimia 10.7 tu, ibaki huru kulinda chuma. Matokeo yake ni chuma kisichoshika kutu upesi hata karibu na bahari, kinachodumu na makali, na kisichomegeka ovyo. Linganisha na chuma kiitwacho D2, ambacho nina hakika unacho kwenye visu vyako vya Kichina. Kina kromiamu karibu asilimia 12, lakini kwa sababu nyingi imeshikwa na kabaidi, pwani kinaota madoa. Watu wanaona tarakimu kubwa wanadhani ulinzi mkubwa.

Ila MagnaCut itakufikisha wapi wewe, mtu usiyenoa? Itakupa fungate ndefu zaidi. Badala ya wiki nne, tuseme miezi mitatu. Kisha itakuwa butu kama vingine. Na hapo utakuta kabaidi za vanadiamu ni ngumu kuliko chembe za jiwe la kawaida la dukani, kwa hiyo kunoa kutaenda polepole na utatamani bamba la almasi. Kwa asiyejua kunoa, chuma kinachodumu sana na makali ndicho kigumu zaidi kukifufua.

Waswisi wanaotengeneza Victorinox walichagua njia nyingine, na nadhani hujawatendea haki. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kuliuzia jeshi la Uswisi visu mwaka 1891, na kile cha maafisa ambacho ndicho babu wa hicho cha mjomba wako kikasajiliwa mwaka 1897. Chuma chao hadi leo ni laini kiasi, kwa makusudi. Kikigonga pini kinapinda kuliko kumegeka, hakishiki kutu, na mtu yeyote mwenye jiwe la mto au kitako cha kikombe cha udongo kisichopakwa rangi anakirudishia makali kwa dakika chache. Ni chuma cha mtu anayenoa mara kwa mara. Wewe ulikitumia kama chuma cha mtu asiyenoa kabisa, ukakihukumu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko chuma, na wakusanyaji wengi hulifikia wakiwa wameshachelewa, pesa zimeshakwenda. Nalo ni umbo la ubapa.

Chukua vernier kaliper, hapo dukani kwako haikosekani. Pima unene wa mgongo wa Opinel, kisha kile kisu chako kizito kuliko vyote. Opinel nambari 8 ina kama milimita 1.7. Visu vingi vya kisasa vya sura ya kijeshi vina milimita 3.5 hadi 4. Halafu pima nyuma kidogo ya makali, pale mteremko wa kunolewa unapoanzia. Kisu kinachoteleza ndani ya kitu kina robo ya milimita au chini yake hapo. Kikiwa na zaidi ya nusu milimita, kinafanya kazi ya kabari: kinapasua. Kata karoti uone. Chembamba kinapita kimya, kinene kinaipasua ikiruka pembeni. Hapo hata ukiweka chuma cha malaika haitasaidia, kwa sababu tatizo ni unene.

Nenda stendi ukamwangalie muuza machungwa. Kisu chake ni cha bei ya chai na vitumbua, chembamba kiasi cha kunesa, mgongo umepinda, na anatoa ganda zima kama utepe bila kukatika, chungwa baada ya chungwa, akipiga soga na wateja. Hajui jina la chuma chake. Anajua jiwe lake liko wapi.

Baada ya unene kuna pembe. Viwanda vingi hunoa nyuzi 20 hivi kila upande, kwa sababu havijui mnunuzi atafanya nini na kisu. Ukishusha hadi nyuzi 15, kisu kile kile, chuma kile kile, kinakata kwa nguvu ndogo zaidi, na kwenye boksi na kamba kinaendelea kukata kwa muda mrefu zaidi kabla hakijakushinda. Mara nyingi faida hiyo inazidi ile ya kuhama kutoka chuma cha kawaida kwenda cha gharama. Mpaka wake ni pale makali yanapoanza kumegeka; ukiona yamefanya vimeno, rudi nyuzi 17 au 18. Haya yote yako kwenye uwezo wa mikono yako na hayahitaji kifurushi.

Kuhusu loki, dhana ya kwanza ya kuiacha ni kwamba loki yenye nguvu inakufanya uwe salama. Ukikata boksi, nguvu inasukuma ubapa kwenda upande wa kufunguka. Loki haibebi chochote. Inabeba mzigo pale unapochoma kwa ncha, unapobandua kama kwa tindo, au kisu kinaponasa na wewe unakivuta ukikitikisa mgongo. Kazi hizo tatu ndizo zinazokata vidole, na kisu cha kukunja hakikuumbiwa hata moja. Victorinox wa kawaida hana loki, ana springi tu ya kushikilia, na watu wamemtumia zaidi ya karne moja wakiwa na vidole vyao, kwa kuwa kutokuwepo kwa loki kunawafundisha adabu.

Ukitaka loki, zijue tabia zake. Ile ya utepe wa chuma ulio ndani ya mpini, unaochomoza kuzuia ubapa usijifunge, iliyoenezwa na mtengeneza visu Michael Walker wa Marekani miaka ya 1980, na ndugu yake ambayo utepe ni sehemu ya mpini wenyewe, ni nyepesi na rahisi, lakini kidole gumba hukaa kwenye njia ya ubapa wakati wa kufunga. Hapo ndipo wageni hukatwa. Pia hazipendi mchanga. Chembe moja ya ufukweni ikikaa pale loki inapogusa, haishiki sawasawa. Loki ya mgongoni, kama ile ya Buck 110 ya mwaka 1964, ni ngumu kufunga kwa mkono mmoja lakini inavumilia uchafu. Pete ya kuzungusha ya Opinel, waliyoiongeza mwaka 1955, ndiyo ya kawaida kuliko zote na naipenda kwa hilo: unaona kwa macho imefungwa au haijafungwa. Na usisahau Okapi, ambayo wazee wa kwetu waliijua kabla ya majina haya yote. Ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya nchi hiyo huku Afrika, na siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Loki yake ya kukwaruza ina kelele na ubapa hutikisika kidogo, ila chuma chake cha kaboni kinanoleka kwenye jiwe lolote. Pwani kitapata kutu, ukifute mafuta.

Opinel wako sijui ulimwacha kwa sababu gani, ila naweza kubahatisha: masika yalipoingia, mbao ya mpini ilivimba ikaubana ubapa, ukawa unafungua kwa meno. Hiyo ni tabia ya mbao yoyote isiyozibwa vizuri. Watu wa Savoie huko Ufaransa, alikozaliwa kisu hicho mwaka 1890, hugonga kitako cha mpini mezani na ubapa huchomoza wenyewe. Kwa Tanga ningefanya zaidi: kikauke kabisa wakati wa kiangazi, upige msasa laini ndani ya ufa, kisha uunyweshe mpini mafuta ya kitani au nta. Kama wako ni wa chuma cha kaboni, embe na chungwa zitamgeuza kijivu na weusi. Rangi hiyo haina ubaya. Ubaya ni wekundu.

Haya, ununue nini? Kwa sasa, usinunue kitu. Kati ya hivyo ishirini na zaidi, tafuta kimoja chenye ubapa wa sentimita 7 hadi 8.5, mgongo usiozidi milimita 2.5, chuma cha pua, na mpini usiokuchoma mfukoni. Nina hakika kimo. Kikiwa ni Victorinox wa mjomba, au Opinel wa pua, au Mchina wa chuma kiitwacho 8Cr13MoV au 14C28N, vyote vinatosha kwa duka lako. Hicho cha mwisho, 14C28N, ndicho ningemshauri mtu wa pwani aanze nacho: asili yake ni Sweden, kinanoleka bila ugomvi na kutu kwake ni nadra. Klipu inayochana suruali inafunguliwa kwa skrubu mbili au tatu. Loki ngumu mara nyingi ni uchafu na ukavu. Tone moja la mafuta ya cherehani na kufungua na kufunga mara nyingi ukitazama televisheni vinamaliza.

Kisha ukitoe uvuvi kwenye orodha. Hapa ndipo umejitesa bure kwa miaka sita. Kisu cha kukunja kilichoingiwa na damu ya samaki, magamba na maji ya bahari kwenye maungio yake kitanuka, kitashika kutu ndani usikokuona, na chungwa la Jumatatu litakuwa na ladha ya changu. Kwa mshipi chukua kisu kisichokunjwa chenye ala ya plastiki, cha bei ndogo, chuma cha pua, ambacho utakiosha kwa maji baridi na kukianika. Hata cha jikoni kinafaa. Mahitaji mawili yanayopingana hayawezi kukutana kwenye kisu kimoja, na naamini nusu ya kasoro ulizoziona zilitokana na kulazimisha yakutane.

Sasa kunoa, na hofu yako ya kuharibu. Anza na kisu usichokipenda kuliko vyote. Tafuta jiwe lenye pande mbili, upande unaokwaruza wa namba 400 na upande laini wa namba 1000 au karibu na hapo, au bamba la almasi la bei nafuu. Paka makali rangi ya makapeni nyeusi pande zote mbili. Hii ndiyo siri ya kukuondolea woga, kwa sababu baada ya mipitisho miwili mitatu utaona rangi imetoka wapi. Ikitoka juu tu, mbali na kilele, umelaza kisu mno. Ikitoka kileleni peke yake, umekiinua mno. Rekebisha mpaka rangi yote ya mteremko itoke, halafu shikilia mkono hapo hapo. Sukuma kwa uzito wa wastani, upande mmoja, kutoka kisigino hadi ncha, mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea makalini, uguse kitu kinachokwaruza. Hicho ni kijiukingo cha chuma kilichogeuka, na maana yake umefika kileleni. Kipate kwa urefu wote wa makali. Wanaoanza huacha kabla ya hapo, kisha wanasema jiwe ni bovu.

Ukishakipata, geuza upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Hamia upande laini wa jiwe, punguza uzito, na mwisho pitisha upande mmoja mmoja kwa kubadilishana, kwa uzito wa kisu chenyewe tu, ili kijiukingo kile kikatike. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume juu ya mshipi wa zamani wa ngozi. Jaribu kwenye karatasi ya gazeti. Ikikata bila kukwama, umemaliza. Mara ya kwanza itakuchukua jioni nzima na matokeo yatakuwa ya hivi hivi. Hutaharibu kisu, utakikwaruza, na mikwaruzo si kuharibika. Baada ya hapo, dakika tano za upande laini kila wiki zinatosha, na kisu hakitafika tena pale kilipokuwa kinakukera. Jambo moja zaidi: makali ya kiwandani mara nyingine huwa yameunguzwa kidogo na mashine pale kileleni, kwa hiyo visu vingine huanza kukata kwa uwezo wao halisi baada ya kunolewa mara mbili tatu. Inawezekana kabisa uliviweka kabatini kabla havijaanza kazi.

Kama kunoa kutakushinda, mpelekee fundi, lakini mchague. Wale wa jiwe kavu linalozungushwa kwa baiskeli ni mafundi wazuri kwa panga na jembe. Kwa ubapa mwembamba, cheche zile ni joto, na makali yakipata rangi ya kahawia au samawati ujue ugumu umeondoka hapo na hautarudi kwa kunoa. Sehemu hiyo lazima isagwe iishe. Tafuta anayetumia jiwe la maji, au mshonaji mkubwa akuonyeshe anakonolea mikasi yake. Kaa naye nusu saa umwangalie mikono. Hilo litakufaa kuliko maelezo yangu yote ya maandishi.

Na ukijikata wakati wa kujifunza, kata ndogo ioshwe kwa maji na sabuni na kufungwa. Lakini kidole kikishindwa kukunjika au kunyooka, au kikifa ganzi, au damu isiposimama baada ya kukandamiza kwa dakika kumi au kumi na tano, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mshipa wa kukunjia kidole uliokatika hautibiwi na plasta, na kuchelewa kunapunguza uwezekano wa kidole kurudi. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Sheria niipitie haraka. Hapa nyumbani kisu cha kazi hakijawahi kuwa shida kwa mwenye kazi, lakini kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu ni kosa, kwa hiyo kiache dukani ukienda mpirani au kwenye mkutano wa siasa. Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi linalokwenda chini. Ukifika Uingereza, kinachoruhusiwa kutembea nacho bila sababu maalumu ni cha kukunja, kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Ujerumani nao wana masharti makali kwa vile vya loki vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Yaani ukitoka nje, kile cha mjomba kinaweza kuwa ndicho pekee kisichokuletea maelezo na polisi.

Je, kilichokamilika kipo? Kwa maana uliyoiuliza, ya kisu kitakachokufanya usitamani kingine, hakipo, na hata MagnaCut haitakuwa hicho. Kisu kinachokutosha unacho tayari. Ila kutosheka na kukusanya ni mambo mawili. Ukipenda kukusanya, kusanya kwa jina lake: chagua mlango mmoja, mathalani visu vya kale vya Solingen au Opinel za ukubwa wote, weka bajeti, na usidanganye kwamba kila kimoja ndicho cha mwisho. Vile usivyovihitaji, viuze vikiwa bado kwenye maboksi. Ambavyo havijanolewa hupata bei nzuri zaidi, kwa hiyo hofu yako angalau imekuhifadhia kitu.

La vifurushi na mke wako liko nje ya ufundi wangu, lakini umelitaja mwenyewe, kwa hiyo sitalipita. Mfungulie kabati, mwonyeshe vyote, mtajie na bei. Ikiwa umewahi kugusa mtaji wa duka au kukopa kwa ajili ya kisu, au unajikuta ukitafuta kisu usiku wa manane ili tu moyo utulie, basi hapo tatizo halimo tena kwenye visu, na anayefaa kulisikia ni mshauri nasaha mtakayekaa naye ana kwa ana. Hospitali kubwa za mikoa huwa na watu hao, na kuwaendea si aibu.

Jipe miezi miwili na kisu kimoja, jiwe moja na makapeni. Kisha niandikie, unitajie unene wa ubapa nyuma ya makali, pembe uliyonoa, na ni kazi gani bado inakishinda. Hapo ndipo nitaweza kukwambia kama kuna cha kununua.